Sare ya Kehinde

Ibadan
18 Januari 1987

Dada Fidelia,

Tumefika, mimi na Ihotu, na hatujafukuzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua hulali.

Njia nzima, juu ya lile lori la viazi vikuu, nilikuwa natunga maneno ya kumweleza huyu mama kwa nini yaya aliyemwagiza anakuja na mtoto mgongoni. Sikupata nafasi ya kuyasema. Alifungua geti, akamwona Ihotu. Kisha akauliza, “Ana miezi mingapi?” Nikasema mitano. “Msichana?” Nikasema msichana. Akasogea pembeni. “Ingieni, jua kali.” Ingieni, Dada. Hakusema ingia.

Anaitwa Bi. Morenike Adigun, anauza lesi katika soko la Dugbe. Mumewe ni shemasi, mtu wa maneno machache na magazeti mengi. Humu anaishi pia mama mzazi wa Bwana, wanamwita Mama Agba. Mtoto ninayemlea ana miezi minne. Alizaliwa pacha. Huku pacha anayetangulia kutoka huitwa Taiwo na anayefuata huitwa Kehinde, na wanasema huyo wa pili ndiye mkubwa, amemtuma mdogo wake akaonje dunia kama inafaa kukaliwa. Huyu wangu ni Taiwo. Madamu aliniambia akiwa anakunja nepi, “Mwenzake hakukaa,” bila kuinua macho. Nikasema pole. Akasema asante. Tukaendelea kukunja nepi. Lakini mtaani watu bado wanamwita Mama Pacha, na yeye anaitika.

Kila kitu sandukuni ni viwili viwili. Kofia mbili, soksi za rangi moja jozi mbili, vikombe viwili. Asubuhi ya pili alimvalisha Taiwo gauni la njano lenye kamba kifuani, akanirushia lingine kama hilo. “Mvalishe wako. Litaozea sandukuni?” Nilienda chooni kulia. Wewe unajua Ihotu amekuwa akivaa nini: foronya zako.

Nambeba mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Sokoni wanadhani wote ni wangu, wananibariki, na wauzaji wananiongezea nyanya. Mwanzo nilikuwa nawasahihisha. Sasa natabasamu tu.

Baba hajambo? Bado anaamini niko huku peke yangu, natafuta ada ya chuo?

Mdogo wako,
Alache


Otukpo
15 Februari 1987

Alache,

Wewe mwalimu uliyeishia njiani, barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa kwenye cherehani ya kukodi, nikashona mkono wa gauni la mke wa katekista kwenye kola. Sikucheka wakati ule. Sasa nacheka.

Mungu amekuona. Kaa hapo. Kula, nenepa, funga mdomo.

Baba hajambo, mguu tu. Juzi alikuwa anamwambia rafiki yake wa zamani wa reli kwamba binti yake yuko kwa shemasi Ibadan, kwamba Septemba anarudi chuoni kumaliza ualimu, kwamba katika watoto wake wote huyo ndiye hajawahi kumwinamisha kichwa. Nilikuwepo. Nilijichoma sindano kwa makusudi, nipate sababu ya kutoka nje.

Kwa hiyo usilete picha. Picha ikifika posta ya hapa, Otukpo nzima imeiona kabla yangu. Mama angekuwa hai ningejua pa kuanzia, lakini hayupo, na mimi sijui namna ya kumwambia mzee yule kwamba ni babu. Acha mtoto akue kwanza. Mtoto anayetembea ni vigumu kumkataa.

Na yule wa chuoni, baba yake Ihotu, nimesikia ameoa Makurdi. Nakuambia ili usisikie kwa mwingine.

Fidelia


Ibadan
22 Machi 1987

Dada Fidelia,

La yule wa chuoni nimelisikia, limepita. Lililo hapa ni kubwa kuliko hilo, na silijui jina lake.

Jumapili Mama Agba alipika maharage kwa mawese, chungu kizima, akaita watoto wa mtaa wote waje kula. Ndicho chakula cha pacha. Aliweka visahani viwili mbele ya mkeka. Akamlambisha Taiwo kwa ncha ya kidole. Kisha akamgeukia Ihotu, aliyekuwa mapajani mwangu, akasema kwa sauti ya kubembeleza, “Kehinde, kula, mama. Usitukasirikie.”

Nikacheka. Nikasema, “Mama Agba, huyu ni Ihotu.”

Hakuna aliyecheka nami. Bwana alikuwa ananawa mikono, akaendelea kunawa. Madamu akasema, “Mwache ale, Alache.”

Kesho yake nikamuuliza Iya Risi, muuza pilipili wa nje ya geti, ambaye hana anachokificha isipokuwa uzito wa pilipili zake. Akanitazama kutoka juu hadi chini.

“We msichana wa Benue, hujui unavaa nini?”

“Ni mtoto anayevaa, Iya Risi, si mimi.”

“Ndicho hicho ninachosema.”

Akaniambia hivi. Kwao pacha mmoja akifa hawamwachi aende hivihivi, kwa sababu pacha ni roho moja, na aliyekwenda akijiona amesahauliwa atamwita mwenzake amfuate. Kwa hiyo wanamchongea mti. Mti huo unaogeshwa, unavishwa, unalishwa. Akinunuliwa gauni aliye hai, na mti unanunuliwa lake. “Lakini Adigun ni shemasi,” akasema, “hawezi kuweka mti sebuleni, mchungaji anakuja kunywa chai pale. Wamekaa na nguo za mtu wa pili sandukuni, wanaogopa, na mtoto haongezeki uzito hata kidogo. Ndipo ukafika wewe na mti unaopumua.” Halafu akaniuliza kama nanunua au nimekuja kuzuia wateja.

Nimekaa na neno hilo. Nilipokuwa nalia chooni kwa furaha, mwanangu alikuwa anavishwa sare ya maiti.

Na hapa ndipo ninapokosa pa kushika: Taiwo ameongezeka. Tangu tufike anakula, analala, anamshika Ihotu sikio anapolala. Wiki iliyopita walimleta mpiga picha, wakawaketisha wawili kwenye kiti kimoja wamevaa sare. Picha imetundikwa ukutani karibu na ile ya harusi. Nilitaka kuuliza yaya atatundikwa wapi, lakini Madamu alikuwa anaitazama kwa namna ambayo sikuweza kumuuliza kitu.

Niambie nifanye nini. Usiniambie nile ninenepe.

Alache


Otukpo
21 Aprili 1987

Alache,

Jumamosi Kuu lori lilisimama mbele ya kibanda changu. Dereva akasema, “Fidelia mshonaji ni nani?” Nikadhani nina deni nililolisahau. Akashusha kasha, ndani yake cherehani ya miguu, mpya, bado ina mafuta ya kiwandani. Na kikaratasi: “Kwa dada wa Alache, kutoka kwa familia ya Adigun, kwa shukrani.”

Nimeshona nayo sikukuu nzima. Haitoi kelele, Alache. Inakwenda kama mtu anayenong'ona. Ile ya kukodi nimemrudishia mwenyewe, nikamwambia akaikodishe kwa adui yake.

Sasa nisikilize. Mti, mti. Wewe umesoma. Mtoto kuitwa jina la pili kunamuua nani? Mimi kanisani ni Fidelia, kwa bibi nilikuwa Ene, kwa mume wangu, Mungu amlaze, nilikuwa “wewe.” Zote nimeitika na bado nipo. Watu wanamvalisha mwanao lesi, wanampikia maharage, wewe unatafuta mzimu ndani ya sahani.

Baba aliuliza cherehani imetoka wapi. Nikasema umejinyima ukaninunulia. Alitoka nje. Aliporudi akasema, “Yule mtoto nilimlea vizuri.” Basi jua kwamba sasa tumedanganya mara mbili, na hii ya pili imemponya mguu.

Kaa hapo. Nakuomba kama dada, si kama mwenye cherehani.

Fidelia


Ibadan
31 Mei 1987

Dada,

Anwani yako nilimpa Madamu mimi mwenyewe. Alisema anataka kukutumia kitambaa.

Mwezi huu niliomba ruhusa nije nyumbani siku chache. Madamu akasema, “Nenda, umefanya kazi. Nitakupa na viatu vya njiani.” Nikaenda kumfunga Ihotu mgongoni. Akasema, bila hasira yoyote, “Mtoto mwache. Barabara ni mbaya.” Nikasema ananyonya. Akasema, “Anakula vizuri sasa. Hata jana alikula mayai.” Mama Agba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na geti, funguo kiunoni, anapepeta mchele. Hakusimama. Hakuhitaji kusimama. Mlango wa nyumba hii haujafungwa kwangu, Dada. Umefungwa kwa Ihotu.

Nilikaa. Usiku huo nililala na Ihotu chumbani kwangu, nikajifungia. Asubuhi Taiwo alikuwa na homa kali, mwili umekakamaa, macho yameinuka. Bwana alikuja mlangoni kwangu amembeba, mtu yule ambaye hajawahi kuniambia zaidi ya habari za asubuhi, akawa anapiga mlango kwa kiwiko na kusema, “Mpe mwenzake. Tafadhali. Mpe mwenzake.” Nikafungua. Wakawalaza pamoja. Mchana homa ikashuka. Ilikuwa dawa ya malaria, niliiona chupa, nilimnywesha mimi mwenyewe. Lakini hakuna anayeikumbuka chupa. Wanakumbuka kwamba nilimficha mmoja na mwingine akaanza kwenda.

Tangu siku hiyo Ihotu analala juu, chumbani kwao. Mimi niko chini. Namsikia akilia juu ya kichwa changu, nasikia nyayo za Madamu, kisha nasikia amenyamaza. Kulia kwake nakuvumilia. Kunyamaza ndiko sikuvumilii.

Anaanza kutambaa. Jana alikuwa anaelekea ngazini, nikaita, “Ihotu!” Akaendelea. Madamu kutoka jikoni akaita, “Kehinde,” tena kwa sauti ndogo, na mwanangu akasimama akageuza kichwa.

Hawanipigi. Hawanitukani. Nyama napewa sawa na wao. Ningetukanwa ningejua la kufanya.

Na nikwambie hata lile la aibu. Nampenda Taiwo. Anaponiona nafunga mbeleko ananyoosha mikono miwili juu, anasubiri zamu yake. Nikifikiria kuondoka naona mikono hiyo. Geti lingekuwa hilo tu la chuma ningeliruka.

Mwambie Baba. Ukimwambia Baba, nitakuwa na mahali pa kumpeleka. Sina ninachokuomba zaidi ya hicho.

Alache


Ibadan
14 Juni 1987

Kwa Bi. Fidelia, Otukpo,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mume wangu na mama mkwe. Tunatumaini cherehani inafanya kazi vizuri.

Ninakuandikia wewe kwa sababu Alache ameniambia kwamba mama yenu alishatangulia na kwamba wewe ndiye uliyemlea. Mdogo wako ni msichana mwema, mwenye akili, na hajawahi kunikosea adabu hata siku ambazo ningestahili.

Septemba tutafanya ibada ya shukrani kanisani. Tunaomba siku hiyo watoto wasimame mbele wote wawili, Taiwo na Kehinde Adigun. Sisi hatununui mtoto, Mungu apishe mbali. Tunaomba, kama watu wanavyoomba mke. Alache tutamrudisha chuoni, tutamsomesha mpaka amalize, na nyumba hii itakuwa kwake. Atakuwa mama mdogo. Mtoto hatakosa kitu.

Sijui, dada yangu, kama umewahi kuzika mtoto ambaye huruhusiwi kumlilia. Kwetu pacha hawaliliwi. Ukilia, aliyekwenda atakasirika na kumchukua aliyebaki. Kwa hiyo sijalia. Nilirudi kutoka makaburini nikamnyonyesha mwenzake huku natabasamu, mama mkwe amenishika bega. Tangu hapo natabasamu. Siku mdogo wako aliposimama getini na mtoto yule, ndiyo mara ya kwanza uso wangu ulipopumzika.

Tafadhali zungumza na wazee wa familia, mnijibu.

Wako,
Morenike Adigun


Otukpo
28 Juni 1987

Bi. Adigun,

Barua yako imefika na imesomwa. Kwa niaba ya familia, hatuna neno. Mtoto ni wenu kumlea. Tunachoomba ni hilo la chuo tu, lisisahauliwe.

Alache atakuwa mkaidi mwanzoni. Amekuwa hivyo tangu alipoachishwa ziwa. Mwacheni, atazoea.

Cherehani ni nzima.

Fidelia


Ibadan
19 Julai 1987

Dada,

Madamu aliisoma barua yako mezani, kwa sauti, mbele ya wote. Aliposoma “atazoea” Mama Agba alishuka kwenye kiti akanipigia magoti. Mwanamke wa umri wa bibi yetu, magoti yake yanalia akishuka, ananishukuru. Nilimwinua. Nilimwinua, Dada, na kumwinua kule wakakuhesabu kuwa ndiyo.

Sikuandikii kukutukana. Nimekaa nikajiuliza ningefanya nini mimi, nina cherehani na baba mwenye mguu na mdogo mwenye mtoto wa siri. Sijapata jibu, kwa hiyo sikutukani. Lakini usiniandikie tena mpaka uwe umemwambia Baba.

Kuna jambo nimelifanya. Madamu alinipa doti la lesi ya buluu kwa ajili ya Pasaka. Sijalivaa. Juzi niliambiwa nikanunue sabuni, nikaenda mpaka mtaa wa Oje, kwa mzee mmoja ambaye Iya Risi alinielekeza. Anachonga vinu na vigoda. Nikamwambia nataka sanamu ya pacha, na sina cha kulipa ila ile lesi. Akaacha tezo lake.

“Hiyo sijaulizwa siku nyingi. Watu wote siku hizi wameokoka. Nani amekufa?”

“Mtoto wa watu.”

“Si wako?”

“Wangu yuko hai. Ndiyo sababu nimekuja.”

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Akasema, “Basi kaa.” Akaniuliza ukoo wa wenyewe, akaniuliza mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, akaniuliza kama mama yake anajua. Nikasema hajui. “Na baba?” Nikasema ni shemasi. Akacheka mpaka akakohoa. “Shemasi. Mimi mwenyewe nimechonga Meza ya Bwana katika kanisa moja hapa mjini. Mti haujui dini yake, binti. Lete hiyo lesi, kila Krismasi mke wangu anataka nguo mpya kama bibi harusi.”

Mimi mkatoliki, niliyefundishwa na masista kwamba sanamu za watu hawa ni ujinga, nimeagiza moja kwa doti la lesi. Nitaichukua ikiwa tayari. Sijui kitakachotokea. Najua tu kwamba yule marehemu hana pa kukaa isipokuwa ndani ya mwanangu, na kwamba hakuna atakayemtoa humo kwa maneno.

Alache


Otukpo, kwa masista
16 Agosti 1987

Dada,

Usishangae mahali. Niko Otukpo, katika nyumba ya wageni ya masista, nyuma ya kanisa. Ihotu yuko nami, amelala. Nakuandikia badala ya kuja kwako kwa sababu nikiuona uso wako nitaanza kwa kulia, na kuna mambo lazima uyajue kabla.

Mzee alinipa ile sanamu Ijumaa. Nilitegemea mtoto mchanga. Dada, hawachongi mtoto mchanga. Amechonga mwanamke mzima, urefu wa mkono kutoka kiwiko, ana matiti, nywele zimesukwa juu, uso umetulia kama mtu anayekusikiliza. Nikamuuliza kama amekosea. Akasema, “Nimechonga mtu ambaye angekuwa.”

Jumamosi, wakati wa chakula cha watoto, Mama Agba alikuwa ameshaweka visahani viwili. Bwana alikuwa na gazeti. Nikaisimamisha mezani kati ya visahani. Nikasema, “Huyu ndiye Kehinde. Yule mwingine ni Ihotu, na mama yake ni mimi.” Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyoifanyia mazoezi.

Bwana akakunja gazeti. “Toa kitu hicho nyumbani mwangu.”

“Shemasi, kaa chini,” Mama Agba akasema. “Humu ndani ulinikuta.”

Akaichukua. Akaigeuza mgongo, akaigeuza uso, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akafuta vumbi la mti kwenye macho ya sanamu. “Nani amechonga? Yule wa Oje? Kumbe bado yuko hai.” Alisema hivyo kama mtu anayeulizia bei ya bamia, lakini hakuacha kuyafuta macho yale.

Madamu alikuwa anashuka ngazi, amempakata Ihotu, wote wawili wanacheka jambo lao. Akaiona. Hakuuliza ni nini. Akaja karibu.

“Ana matiti,” akasema.

“Ndivyo wanavyochongwa,” Mama Agba akasema.

“Ni mkubwa kuliko mimi.”

“Ndivyo.”

Akaketi sakafuni na mwanangu mapajani. Akaanza kumfungua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, bila haraka, kama anavyofanya jioni kabla ya kumwogesha. Akamvua. Akaivisha ile sanamu, na gauni likaning'inia, mabega hayakulijaza. Akaivuta kifuani. Ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu akilia hivyo, Dada, kama kitu kilichokuwa kimezibwa kwa ubao. Nilidhani Mama Agba atamzuia, kwa sababu ndiyo mila yao, lakini aligeuka ukutani akaacha. Bwana alitoka uani. Tulimsikia akifungua bomba la maji, na hakuna alichokuwa anaosha.

“Mchukue mwanao,” Madamu akasema, hakunitazama. “Mchukue sasa hivi. Kesho sitaweza.”

Nilimfunga Ihotu mgongoni akiwa na nepi tu. Taiwo alikuwa mkekani. Aliponiona nafunga mbeleko, alinyoosha mikono juu.

Nilimpita. Usiniulize kuhusu Taiwo. Ukiniuliza sitakujibu, na ukiniuliza mara ya pili nitarudi kule. Funguo za geti Mama Agba alinipa mkononi, nifungue mwenyewe.

Njia nzima nimekuwa nikimwita. Kila lori lilipopumzika, Ihotu, Ihotu. Anachezea hereni yangu, haniangalii. Tulipokuwa tunasubiri kuvuka mto nilisema lile jina lingine, mara moja, polepole, nione tu. Aligeuka akacheka, na meno yake manne.

Kwa hiyo sijui nimemtoa nani kule. Lakini yuko hapa.

Kesho mchana, watu wakiwa wametoka sokoni, nitapita barabara kuu na mtoto mgongoni mpaka kwa Baba. Sitapita njia ya nyuma. Mwambie kabla sijafika, au nitamwambia mimi, pamoja na cherehani na barua uliyomjibu yule mama. Chagua wewe. Nimechoka kuchaguliwa.

Alache


Otukpo
17 Agosti 1987

Alache,

Barua hii nampa sista akupe, kwa sababu leo siwezi kukutazama.

Nimemwambia. Nilimkuta anamenya kiazi. Nimemwambia la mtoto, la chuo, la cherehani, na la barua ile niliyoiandika kwa mkono wangu. Hakuacha kumenya. Alimenya mpaka kiazi kikawa hakifiki yai. Nilikuwa nasubiri anipige, ningeshukuru kupigwa.

Mwishowe akaweka kisu chini akaniuliza swali moja tu.

“Anaitwa nani?”

Nilifungua mdomo nijibu, nikaona si mimi wa kulisema. Nimemwambia mama yake anakuja mchana, atamwambia mwenyewe.

Amevaa shati. Ameketi nje, upande wa barabara.

Fidelia